Dole Gumba Lipumzike, Jicho Lifanye Kazi

Mtu anayekwenda uwanja wa shabaha kwa mara ya kwanza huogopea bega lake. Amesikia kwamba bunduki hupiga teke, na usiku kucha amekuwa akilisubiri teke hilo. Akifika anakuta AR-15 inayotumia risasi za 5.56 ina teke dogo la kuvumilika, na jioni kinachomuuma ni dole gumba. Siku nzima ameshindilia risasi ndani ya magazini, 30 kwa 30, midomo ya magazini ikimkwaruza ngozi na springi ikimrudishia nguvu yote aliyoitumia. Kesho yake hata kufungua chupa ya maji ni shughuli.

Nayaandika haya kwa ajili ya mtu huyo: ndugu yetu aliyehamia Texas, Ohio au Arizona, akapata karatasi zake, akanunua bunduki kihalali, na sasa Jumamosi zake anazitumia kulenga shabaha umbali wa yadi 100. Anataka kujua kama anunue kifaa cha kujazia magazini, ambacho kwa kifupi nitakiita kijazio. Jibu langu ni kwamba anunue, tena mapema. Ila kijazio kina gharama isiyoandikwa kwenye boksi. Mkono unaposhindilia risasi moja moja, kila risasi hupita mbele ya macho na kati ya vidole. Kijazio kinapomeza kumi kwa mkupuo, ukaguzi huo unapotea, na mwenyewe hata hajui kwamba alikuwa akiufanya. Kwa hiyo dakika unazookoa, sehemu yake irudishe kwenye kukagua.

Tuanze na magazini yenyewe, maana asiyejua inavyofanya kazi atakitesa kifaa na kuiharibu magazini. Ndani yake mna springi ndefu, juu ya springi pana kibao cha plastiki kinachobeba risasi. Magazini ya AR-15 au ya AK hupanga risasi safu mbili zinazopishana, kushoto na kulia. Juu kabisa kuna midomo miwili iliyokunjwa kuelekea ndani, ambayo kazi yake ni kuzizuia risasi zisiruke na kuiachia moja tu kila bolti inapopita kuisukuma kwenye chemba. Ili kuingiza risasi mpya lazima ile iliyo juu ishuke kidogo, na ili ishuke lazima springi ikubali. Risasi 10 za kwanza huingia bila ubishi. Kuanzia ya 20 springi imeshabanwa na inasukuma kwa nguvu, na 5 za mwisho ndizo zinazotoa malengelenge.

Bastola ina shida yake ya ziada. Magazini yake kwa kawaida hubana juu na kutoa risasi kupitia tundu moja la katikati, kwa hiyo risasi haiingii kwa kusukumwa chini moja kwa moja: unaikandamiza ile ya chini kwa mbele, kisha unaitelezesha mpya kurudi nyuma chini ya midomo. Ndiyo sababu kijazio cha bastola hakifai kwa magazini ya bunduki ndefu, na cha bunduki ndefu hakifai kwa bastola. Anayekuuzia kimoja akisema kinajaza zote, mwambie akuonyeshe palepale dukani.

Majeshi yalilitatua tatizo hili la kujaza risasi moja moja kabla babu zetu hawajazaliwa. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, bunduki za Mauser za Ujerumani zilikuwa zikijazwa kwa klipu: ukanda mwembamba wa chuma ulioshika risasi 5 kwenye vitako vyake. Askari anaisimamisha klipu juu ya bunduki, anasukuma kwa dole gumba mara moja, risasi zote 5 zinashuka, klipu inabaki tupu. Lee-Enfield ya Waingereza, iliyobebwa na askari wa King's African Rifles kuanzia Kenya hadi Burma, ilikuwa na magazini ya risasi 10 iliyojazwa kwa klipu 2. Risasi yake ya .303 ina ukingo uliotokeza kwenye kitako, na ukingo wa risasi ya juu sharti ukae mbele ya ule wa chini yake. Ukikaa nyuma, risasi mbili zinanasana na bunduki inakwama. Askari aliyepanga klipu zake ovyo angeweza kujaza haraka kuliko wenzake wote na kukwama mbele ya wote.

Upande wa pili, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, askari wengi wa Wajerumani katika Tanzania Bara ya leo walianza mwaka 1914 na Mauser ya 1871, ya baruti yenye moshi mzito, inayopakiwa risasi moja moja. Mwaka 1915 meli ya Rubens iliyopenya vizuizi vya Waingereza ilikwama katika ghuba ya Manza, karibu na Tanga, ikiwa na bunduki mpya na shehena ya risasi. Bunduki ziliokolewa. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari, ikabidi zifunguliwe, baruti ianikwe, zifungwe upya, na bado nyingi zilikataa kuwaka. Zikiwa kwenye klipu hukuzijua nzima na mbovu, na dole gumba lilizisukuma zote kwa urahisi uleule.

Jeshi la Marekani nalo hutoa risasi za 5.56 zikiwa kwenye klipu za 10 zilizopangwa ndani ya mkanda wa kitambaa, klipu 12 kwa mkanda mmoja, pamoja na kibati kidogo cha kuunganishia klipu na magazini. Klipu 3 ni magazini moja ya 30. Risasi za namna hiyo unaweza kuzipata hata dukani, na kibati hicho ndicho kijazio cha bei nafuu kuliko vyote. Kinafanya kazi vizuri, isipokuwa kina makali, kinapotea upesi, na nguvu bado ni ya dole gumba lako.

Vijazio vya kisasa naviona katika makundi matatu, na sivipendi kwa kiasi sawa.

La kwanza ni kile kidogo cha mfukoni chenye mkono wa kubonyeza. Kinachojulikana zaidi ni LULA, kinachotengenezwa na kampuni ya Maglula ya Israeli. Kipo cha AR-15, cha AK, cha G3 na vingine. Kinavikwa juu ya midomo ya magazini, kitako cha magazini kikiwa kimesimama mezani. Ukibonyeza mkono wake, ulimi wa ndani unazishusha risasi zilizomo na nafasi inafunguka. Unaiweka risasi mpya kwa mkono wa pili bila kutumia nguvu, unaachia, unabonyeza tena. Bonyeza, weka, achia. Baada ya magazini mbili mkono unazoea mdundo huo na husikii kuchoka. Siyo kasi ya ajabu, ila risasi bado zinapita vidoleni mwako moja moja, na kwa hiyo macho yako bado yako kazini. Kina faida nyingine ambayo wengi hawaijui hadi waambiwe: kinatoa risasi pia. Unaigeuza magazini midomo ikiwa chini, juu ya kitambaa, unachezesha mkono wake, na risasi zinadondoka moja baada ya nyingine. Kwa mtu mwenye baridi yabisi, au mzee aliyeacha mchezo kwa sababu vidole vimegoma, hiki kimekuwa mkombozi.

Kundi la pili ni kijazio chenye kitanda. Kinavikwa juu ya magazini vilevile, lakini kina mfereji unaopokea risasi 10, ziwe za kumimina au za kwenye klipu, halafu msukumo mmoja unazishusha zote. Mara tatu na magazini ya 30 imejaa. Hapa ndipo kasi inapoanza kuonekana, na hapa ndipo jicho linapoanza kusinzia.

La tatu ni kile cha mezani. Kampuni ya Caldwell ina kimoja cha AR-15 kinachopokea kisahani cha plastiki chenye risasi 50: unavikutanisha, unavigeuza, risasi zinamwagikia mahali pake zikiwa zimeelekea upande mmoja, kisha unasukuma. Maglula nao wana chao kirefu kinachopangiwa risasi 30 mstari mmoja. Ni vifaa vizuri kwa mwalimu mwenye wanafunzi wanane wanaosubiri, au kwa mshindani anayemaliza mamia ya risasi kwa siku. Kwa mtu wa magazini nne kila wiki mbili, ni mzigo wa kubeba. Ushauri wangu ni kuanza na kile cha mfukoni, ukitumie mwaka mzima, kisha uamue kama kweli unahitaji kikubwa. Na mwindaji mwenye bunduki ya kukoki kwa mkono, ambayo ndani mna risasi 4 au 5 tu, hahitaji chochote kati ya hivi. Mifuko yake inatosha.

Sasa ukaguzi, ambao ndio kazi yenyewe. Tandika kitambaa cheupe mezani, mimina risasi za magazini moja tu, zisizidi hapo. Zizungushe kwa kiganja. Utatafuta ganda lililobonyea au kupasuka shingoni, kutu ya kijani, na kichwa cha risasi kilichozama ndani ya ganda kuliko wenzake. Hicho kilichozama kinadharauliwa sana. Baruti inapobanwa kwenye nafasi ndogo kuliko ilivyopangiwa, shinikizo hupanda, na shinikizo likipanda kupita kiasi linatafuta pa kutokea. Kisha zigeuze uone vitako. Fataki, kile kiduara kidogo cha katikati, inatakiwa ikae sawa na kitako au ndani kidogo. Ikitokeza nje, risasi hiyo weka pembeni. Palepale kwenye kitako soma maandishi yanayotaja aina ya risasi.

Kwa nini usome? Kwa sababu ya jamaa mmoja hatari anayeitwa .300 Blackout. Risasi hii iliundwa ili itumie magazini ileile na bolti ileile ya AR-15 ya 5.56, kinachobadilika ni mtutu. Inaingia magazini bila kelele, inapita kwenye kijazio bila kelele, na pengine itaingia hata kwenye chemba ya 5.56 ikisukumwa kwa nguvu. Ikifyatuliwa humo, kichwa chake kipana hakipiti kwenye mtutu mwembamba, na bunduki inapasuka usoni mwa mpigaji. Aliyezoea kushindilia kwa mkono ana nafasi ya kuona kwamba ganda la risasi hii ni fupi na kichwa chake kimenenepa. Aliyemimina kwenye kijazio cha mezani hana nafasi hiyo. Ukiwa na bunduki za aina zote mbili, magazini zake ziwe za rangi tofauti, na usizipeleke mezani siku moja. Najua utasema wewe ni mwangalifu. Usizipeleke siku moja.

Ukishakagua, jaza. Kabla ya hapo bunduki iwe imefunguliwa, chemba tupu, seifti imewekwa, mtutu umeelekea kwenye shabaha, na wewe umeiacha hapo. Magazini hujazwa mbali na bunduki. Viwanja vina kanuni tofauti: vingine vinakuruhusu kujaza magazini wakati watu wamekwenda kubadilisha shabaha, mradi uwe nyuma ya mstari na usiguse silaha, vingine havitaki uguse chochote hadi watu warudi. Muulize msimamizi wa uwanja kabla hujafungua boksi, na vaa miwani hata kama hupigi, kwa sababu jirani yako anapiga na maganda yake ya moto hayachagui.

Magazini za AR na AK zimepinda. Vichwa vya risasi vinaelekea upande ambao kitako cha magazini kimepindia, yaani mbele. Ni jambo la wazi, ila mtu akiwa anazungumza huku anajaza, risasi moja itageuka. Kijazio kitakuambia kwa kugoma, na kikigoma usikilazimishe. Kuongeza nguvu ndiko kunakopinda midomo ya magazini na kuzamisha vichwa vya risasi. Kivue, toa ya juu, tazama, anza tena. Nimeona watu wazima wakikipiga kijazio kwa kiganja kwa hasira, kisha wakamlaumu aliyekitengeneza.

Ukifika mwisho, ijaze mpaka 30 au uachie 28? Ubishi huu ni wa siku nyingi. Katika vita ya Vietnam, askari wengi wa Marekani waliweka 18 kwenye magazini ya 20, na waliowafuata wakaweka 28 kwenye ya 30. Sababu yao haikuwa ushirikina. Magazini iliyojaa kabisa, ikichomekwa wakati bolti imefungwa, inagonga chini ya bolti na springi haina tena pa kushuka, kwa hiyo haishiki mpaka upige kwa nguvu. Magazini nyingi za leo zina nafasi ya ziada kwa ajili hiyo, lakini usiamini sifa za dukani. Bonyeza risasi ya juu kwa kidole: ikishuka milimita chache kabla ya kukataa, umepona. Ikiwa ngumu kama jiwe, toa moja au mbili. Kijazio ndicho kinachofanya kosa hili liwe rahisi, maana mkono unaosikia ugumu umepumzishwa, na zipo magazini zitakazokubali hata ya 31 ukiwa na mkono mrefu wa kubonyezea.

Kisha gonga mgongo wa magazini taratibu kwenye kiganja, mara moja mbili, ili vitako vya risasi vyote vikae nyuma. Kiganja, siyo kona ya meza. Tazama risasi ya juu iko upande gani, kushoto au kulia. Mstari ukiwa wazi kwa kupiga, chomeka magazini, ivute chini kidogo kuhakikisha imeshika, koki. Ukiwa na wasiwasi kama risasi imeingia chembani, chomoa magazini utazame: kama ya juu sasa iko upande wa pili, ile ya kwanza imeingia. Mbinu hii haina gharama na haihitaji kuchungulia kwenye bunduki.

Andika namba kwenye magazini zako kwa kalamu ya rangi. Bunduki ikikwama, mtu wa kawaida hulaumu bunduki, fundi hulaumu risasi, na mara nyingi mkosaji ni magazini namba 4 ambayo ilianguka juu ya zege mwezi uliopita, midomo ikapinda kidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Bila namba hutamjua kamwe. Magazini ikikwamisha mara mbili, itenge. Usijaribu kuinyoosha midomo kwa koleo; magazini ni kitu cha kuchakaa. Ndani yake usitie mafuta. Mafuta hushika vumbi, na yakipenya kwenye fataki yanaweza kuiua. Kitambaa kikavu na brashi vinatosha. Hofu kwamba springi inalegea kwa kukaa imejazwa haina uzito sana. Kinachoichosha zaidi ni kujazwa na kumalizwa tena na tena.

Risasi ndogo za .22, zile ambazo wazazi wengi huwafundishia watoto wao, zina tabia zake. Vichwa vyake mara nyingi ni risasi tupu, madini yenyewe, bila kufunikwa na shaba, na vinachafua vidole haraka. Ganda lake nalo lina ukingo, kwa hiyo ile shida ya Lee-Enfield ya kunasana inarudi kwenye magazini ndefu. Ruger 10/22, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964, inalikwepa tatizo kwa magazini ya kuzunguka inayoweka kila risasi kwenye nafasi yake, 10 kwa jumla. Kwa hizi kuna vijazio vyake vidogo, na mtoto akipewa kazi ya kujaza anajifunza kukagua kabla hajajifunza kufyatua. Muhimu ni kwamba asile wala kunywa chochote mezani pale, na mkitoka wote mnawe mikono kwa maji na sabuni kabla ya kugusa chakula au usukani wa gari. Vumbi la madini hayo ya risasi ni sumu, na kwa mtoto ni sumu zaidi.

Kuna jambo moja kuhusu kasi ambalo wauzaji hawalizungumzii. Kushindilia kwa mkono kulikuwa breki. Ulipiga magazini moja, ukapumzika dakika kadhaa ukijaza, bega likatulia, ukaitazama shabaha yako na kujiuliza kwa nini zote zimekwenda kushoto. Kijazio kinaiondoa breki hiyo. Risasi za 5.56 mara nyingi huuzwa maboksi ya 20, kwa hiyo maboksi 3 ni magazini 2, na mtu mwenye kijazio cha mezani anaweza kuchoma mshahara wa siku kabla ya saa sita mchana bila kujifunza chochote. Jaza 5, au 10. Magazini ya 30 haikulazimishi kuijaza. Weka katikati risasi moja ya bandia, ile ya plastiki ya mazoezi, mwenzako akupangie usijue iko wapi. Ukifika kwake na bunduki ikanyamaza, utaona kama mkono wako ulikuwa unaufinya mtambo wa kufyatulia au unauvuta kwa woga. Zoezi hilo litakufaa kuliko magazini tatu za kelele.

Sheria nazigusa kwa yale yanayohusu magazini tu. Marekani haina sheria moja ya ujazo. California inaweka kikomo cha risasi 10, Colorado 15, majimbo mengi hayana kikomo, kwa hiyo ukivuka mpaka wa jimbo magazini yako ya halali inaweza kugeuka kosa. New York inaweza kuihesabu silaha kuwa imepakiwa hata kama ni tupu, ikiwa mwenye silaha ana risasi zake wakati huohuo. Anayejaza magazini zote nyumbani ili kuokoa muda ajue hilo kabla ya kuwasha gari. Kanada bunduki nyingi za kujikoki zina kikomo cha risasi 5, na AR-15 ilipigwa marufuku mwaka 2020. Uingereza iliziondoa bunduki ndefu za kujikoki mikononi mwa raia mwaka 1988, isipokuwa za .22, kwa hiyo msomaji wa huko asome sehemu ile ya .22 na kuziacha nyingine. Na wewe uliyeko Marekani kwa viza ya masomo au ya matembezi, simama hapa kwanza: sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza mwenye viza ya muda kushika silaha na hata risasi, isipokuwa kwa masharti maalumu kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye makazi ya kudumu hali yake ni nyingine. Usimsikilize rafiki anayekuambia ni mchezo tu. Muulize mwanasheria wa uhamiaji.

Nyumbani Afrika Mashariki mambo ni tofauti kabisa. SMG na SAR, kama polisi wa Tanzania wanavyoziita AK na SKS, ni silaha za vyombo vya dola. Kenya nayo haimruhusu raia kumiliki AK-47 au G3. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kitabu cha leseni kinafuatwa hadi idadi ya risasi. Mwenye bunduki ya uwindaji yenye leseni hana cha kufanya na kijazio cha risasi 30, na akikutwa na magazini za namna hiyo atakuwa na maelezo marefu ya kutoa.

Hilo linanifikisha kwenye begi. Begi unalobebea magazini, kijazio na maboksi ya risasi lisiwe begi lolote jingine: lisiwe la mazoezi ya viungo, lisiwe la kompyuta, na zaidi ya yote lisiwe lile unalosafiria. Risasi moja hudondoka kwenye kijazio, inajificha chini ya mshono, inakaa humo miezi. Marekani magazini hairuhusiwi kwenye begi la mkononi ndani ya ndege hata ikiwa tupu, na risasi moja iliyosahaulika itakupeleka chumba cha mahojiano, iwe Houston, Nairobi au Dar es Salaam. Kabla hujapanga zawadi za nyumbani, ligeuze begi ndani nje, likung'ute juu ya kitambaa kilekile cheupe, pitisha mkono kwenye kila mfuko na kila mshono. Ukikuta hata ganda tupu, litoe.